Wameficha Nusu ya Wimbo

Jumatatu, 6 Julai

Elkana kaondoka. Kapata kazi Naivasha, kabeba gita lake, kaenda zake na basi la asubuhi. Bendi ya mjukuu wangu Nadhira imebaki na gita moja. Nadhira mwenyewe hupiga ngoma. Gita la kwanza hupiga Gedion, kijana wa bara anayefanya kazi kule Kipevu. Mazoezi wanafanyia stoo yangu, nyuma ya nyumba, hapa hapa Junda. Nyumba yangu, umeme wangu, kelele zao. Na Jumamosi ya wiki ijayo wana tamasha la vijana Likoni.

Nikamwambia Nadhira asihangaike kutafuta mtu. Mtu yuko! Mimi Hamdun, niliyepiga gita harusi zote za maana kutoka Mtwapa hadi Lamu. Bwana harusi alikuwa akingojeshwa mlangoni mpaka nimalize kukaza nyuzi. Gedion akakuna kichwa. Akasema, kwa adabu, ati mzee, hii si bango la harusini, hii ni roki ya hesabu. Hesabu! Nikamuuliza ni bendi au ni duka. Akaeleza kwamba magita yao mawili hayapigi kitu kimoja. Yanaingiliana kama meno ya zipu, moja likiacha nafasi, jingine linaijaza. Nikamwambia zipu nazijua, suruali navaa.

Nadhira akanipa sharti. Jumatano ya wiki ijayo nipige mbele yao. Nikiweza, nafasi ya Elkana ni yangu. Nikishindwa, watapanda jukwaani bila mimi, nami nitakaa na wageni nipige makofi.

Makofi! Mimi!

Jioni nikatangaza barazani. Tangu vinanda vya umeme viingie harusini hakuna aliyenibishia hodi kwa ajili ya gita, na pale barazani wote wanajua. Mwinyihaji, aliyekuwa akipiga nami zamani (vibaya), akasema kwa sauti ya upole: inshallah yakhe, ukilemewa niite. Niliona alivyotabasamu. Ana lake.

Jumanne, 7 Julai

Nadhira kanitilia wimbo kwenye simu. Jina lake "Saba". Akakaa kando yangu, kushoto, akaeleza jambo refu kuhusu gita la Gedion na gita la Elkana, moja huku, moja kule. Sikupata yote. Mtoto huyu siku hizi ana tabia ya kusema chini chini. Nikaitikia tu, asije akadhani sielewi.

Nikanunua vidude vya kutia masikioni kwa Fairuz, yule mwenye duka la simu. Kufika nyumbani, cha kulia kinalia, cha kushoto kimekufa. Nikavirudisha. Fairuz akavitia masikioni mwake, akatikisa kichwa kwa raha zake, akasema vyote vinalia, babu Hamdun. Akanipa vingine. Kushoto, kimya! Akanipa vingine tena. Kushoto, kaburi! Yaani duka zima linauza nusu nusu. Kisha akaniuliza kama nimewahi kwenda kupimwa masikio. Nikamjibu kwamba masikio haya yalikuwa yakisikia uzi ukilegea huku wanawake wakipiga vigelegele. Ndivyo walivyo wafanyabiashara. Ukiwakamata na bidhaa mbovu, mbovu unakuwa wewe.

Kwa heshima yangu nitatumia upande mmoja. Sikio langu moja ni sawa na masikio manne ya Gedion.

Alhamisi, 9 Julai

Nimegundua wizi.

Wimbo una mapigo saba. Nimehesabu kwa mguu, nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa tasbihi, astaghfirullah. Saba, kisha moja tena. La nane liko wapi? Nani kalila? Mguu unashuka, wimbo ushaondoka, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Nikamkabili Nadhira, maana ngoma ni zake na pigo lolote likipotea yeye ndiye wa kuulizwa. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema hakuna lililoibwa babu, ndivyo tulivyoutunga. Akanifundisha kusema: ki-tu-mbu-a, ma-ha-mri. Ki-tu-mbu-a, ma-ha-mri. Nikijaribu hivyo mguu unatulia na wimbo unanikaa tumboni. Lakini sijaridhika. Nimeona watu wengi wakinyamazishwa kwa chakula.

Gita lenyewe nimeshalifumbua nusu. Kazi, wallahi! Linapanda juu, linaruka uzi, linarudi, halafu mkono wa kulia unaacha kazi yake na kuja kugonga shingoni mwa gita, kama mgeni anayebisha mlango wa mwenziwe. Nikafanya hivyo hivyo. Vidole vimevimba. Hakuna aliyenionyesha hata noti moja. Sikio tu.

Ijumaa, 10 Julai

Baada ya swala ya Ijumaa nikashughulikia sauti. Noti ninazo, sauti sina. Gita la kwenye wimbo linalia kama kijiko kwenye kikombe cha chai: fupi, kavu, safi. Langu linalia kama mtu aliyeamshwa. Pale stoo wana vibati vya kukanyaga kwa mguu, vya kugeuzia sauti ya gita, vina taa ndogo ndogo. Nimevichungulia. Gedion akaja haraka akanisihi nisikanyage. Kwa nini nisikanyage? Mna nini humo?

Sihitaji vibati. Nilikata kipande cha sponji kwenye godoro la wageni, nikakibana chini ya nyuzi karibu na daraja la gita. Nikakata kifuniko cha ndoo kiwe kidole cha kupigia. Nikapunguza besi kwenye mashine yangu ya kukuzia sauti mpaka ikawa nyembamba. Nikapiga. Kijiko! Kikombe! Allahu akbar! Hata paka alisimama.

Nikainua uso, nani yuko dirishani? Mwinyihaji. Anapita tu, ati. Nyumba yake iko upande mwingine kabisa. Nikafunga dirisha mbele ya pua yake.

Jumapili, 12 Julai

Mambo yameanza kujipanga. Leo barazani Mwinyihaji kaja na kidude kidogo nyuma ya sikio, rangi ya ngozi, kina waya mwembamba unaoingia ndani. Anajibu kila kitu. Hata watu waliokaa mbali wakinong'ona, yeye anacheka mahali pa kuchekea. Nikamuuliza ni nini hicho. Akasema ni cha kusikilizia, yakhe, na wewe ungekwenda wakakutazama.

Cha kusikilizia. Kasema mwenyewe, mbele za watu! Anasikiliza "Saba" mchana kutwa, bila hata kutoa simu mfukoni. Na kuna siku nilimwona kasimama na Gedion pale kituoni, wanacheka. Sasa naelewa. Nikianguka Jumatano, yeye yuko tayari.

Nimeongeza mazoezi. Nimekataa chakula cha mchana. Kisha nikala.

Jumatano, 15 Julai

Siku yenyewe. Nikavaa kofia mpya. Nadhira akahesabu, ngoma ikaingia, Gedion akaingia, nami nikaingia.

Sikukosa noti hata moja! Kila mruko, kila kurudi, kila kugonga shingo, na ile sauti ya kijiko. Katikati Gedion akasimamisha mkono. Nikadhani ni machozi. Akasema: mzee, hiyo ni yangu.

Nikamuuliza yako vipi. Akasema nimepiga sehemu yake yeye, yote, tena vizuri kuliko anavyoipiga, lakini inayotakiwa ni ya Elkana. Nikamwambia kama yako naiweza kuliko wewe, basi wewe ndiye wa kwenda kutafuta nyingine. Nadhira akainamia ngoma, mabega yanatikisika.

Nikawaambia wazi. Nimetegwa. Mmenipa wimbo wenye gita moja, jingine mkalificha, ili babu aaibike. Nadhira akaapa kwamba yote mawili yamo humo humo. Akavichukua vile vidude vya Fairuz, akasikiliza vyote viwili. Kisha akavigeuza, cha kushoto akakitia sikio langu la kulia, akawasha.

Wimbo mwingine kabisa! Gita la Elkana hilo, laini, la kuchelewa chelewa, linapita penye nafasi zote za Gedion. Nikaruka kitini. Nikamuuliza alikuwa kalificha wapi. Akanishika mkono, akasema babu, sikio la kushoto halisikii, na tutakwenda tukalipime. Nikamwambia sikio ni zima, waya ndio mbovu, na Fairuz atajibu mbele ya Mungu.

Wamenipa mpaka Ijumaa niijue ya Elkana. Gedion alisema niachwe nijaribu. Kwa nini ananitetea? Anataka nini?

Ijumaa, 17 Julai

Nimeijua. Siku mbili! Elkana alitumia miezi.

Nadhira akanikalisha Gedion akiwa kulia kwangu, na mashine yake ikatazamishwa upande wa kulia. Ki-tu-mbu-a, ma-ha-mri. Gedion akauliza, mimi nikajibu. Akaacha nafasi, nikaingia. Nikaacha nafasi, akaingia. Ikafika mahali sikujua tena kidole kipi ni changu na kipi ni chake. Sijapata kupiga hivi tangu nizaliwe, na nimepiga na mabingwa. Tukamaliza. Gedion akafuta gita lake kwa shati.

Nafasi ni yangu. Nimelia kidogo kwa sababu ya vumbi la stoo.

Jumamosi, 18 Julai

Tamasha lilikuwa alasiri, ukumbi wa Likoni. Watu tele. Baraza zima limekuja, Mwinyihaji kakaa mbele na waya wake.

Nadhira alikuwa kapanga: Gedion kulia kwangu, mimi kushoto, karibu na pazia. Nikatazama. Nikiwa pale, watu wa baraza wataona kofia tu. Nani kanipangia pazia? Nikangoja mtangazaji awe anasema, nikahamisha kiti changu mpaka upande wa pili. Gedion akafungua mdomo. Ngoma ikawa ishaanza.

Ki-tu-mbu-a, ma-ha-mri. Nikaingia na ya Elkana, safi. Nikaacha nafasi ili Gedion aijaze.

Kimya! Gita lake limezimika! Namwona kushoto kwangu anapeleka vidole mbio mbio, sauti hakuna. Anaigiza! Mbele ya Likoni nzima! Bendi ya mjukuu wangu inazama, na mimi ndiye pekee mwenye kamba.

Basi nikaacha ya Elkana, nikaipiga ya Gedion. Naijua yote. Nikaipiga kwa nguvu, na kugonga shingo, mpaka watu wa mbele wakasimama. Nadhira akapiga kelele sikusikia nini, nadhani ya shukrani. Gedion akaacha kupiga. Halafu, kijana wa watu, akanizunguka na waya wake wa gita, akaja kusimama kulia kwangu, akaanza kupiga ya Elkana.

Na gita lake likapona! Papo hapo! Tukaumaliza wimbo tumebadilishana, na ukumbi ukalipuka. Kijana mmoja akaja kuniambia pale tulipobadilishana sehemu palimtia wazimu, tulifikiriaje. Nikamwambia ni hesabu.

Jumapili, 19 Julai

Nadhira kaja na chai. Akakaa kushoto kwangu, akasema nafasi yangu katika bendi ipo pale pale, hatampa mtu, ila kesho ananipeleka hospitali nikapige.

Nilisikia sawasawa: ukapige. Gedion, aliyekuwa mlangoni anavua viatu, akadakia ati kasema ukapimwe, mzee. Wivu! Jana nimempita mbele ya watu na leo anataka kuniharibia shughuli.

Nikamwambia Nadhira aje kulia anieleze vizuri. Akaja. Ni chumba kidogo, kuta zake nene, zimejazwa sponji, sauti ya nje haiingii. Ndani naingia peke yangu. Mtaalamu, mama mmoja aitwaye Jael, anakaa upande wa pili wa kioo. Navishwa vidude vikubwa vya masikioni, kisha nangoja ishara.

Kuta za sponji! Kioo! Mtu nyuma ya kioo! Nimekuwa katika muziki kabla baba yake hajazaliwa, atanificha nini? Hiyo ni studio. Wananirekodi! Akasema gita nisije nalo. Anaonea huruma mgongo wangu. Akasema tena kwamba bendi itangoja majibu yatoke. Yatatoka, na yatakuwa mazuri.

Nikaipeleka habari barazani. Mwinyihaji akafurahi kupita kiasi. Akasema chumba hicho anakijua, alikaa humo majuzi, kwa Jael huyo huyo, na alipotoka ndipo akapewa hiki, akagusa nyuma ya sikio.

Kumbe! Karekodi kabla yangu, kimya kimya, na zawadi juu!

Nimebadilisha nyuzi zote. Kanzu imepigwa pasi. Kesho nitapiga sehemu zote mbili, ya Gedion na ya Elkana, bila kumngoja mtu. Wakitaka kunipa zawadi kama ya Mwinyihaji nitapokea, lakini wanifungie sikio la kulia. Hilo ndilo linalofanya kazi.