Mapigo ya Kuazima

Jumatatu, 4 Machi
Kiwanda kimetugawia saa za kupima moyo. Muuguzi wa kiwanda ametueleza: chini ya saa kuna taa ya kijani, inamulika ngozi, inahesabu damu inavyopita, na namba zote zinaingia kwenye kompyuta yake. Mwenye moyo mtulivu kuliko wote kufikia Ijumaa atapewa meza ya dirishani. Meza ya dirishani! Miaka sita nimekaa ubavuni mwa choo. Meza hiyo ni yangu.
Mapigo yangu nikiwa nimekaa kitako: 94. Ya Chuma, karani wa masjala anayepanda ngazi mbio: 58. Kanionyesha bila kuombwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimefumba macho, nikavuta pumzi polepole. Meneja akapita, akauliza kama nimekuja kulala. 118.
Jioni nimepata wazo. Ni nani nyumbani kwangu asiyejua kushtuka? Mama mkwe! Kutwa yuko kitini anafuma. Siku jiko lilipolipuka, aliuliza tu kama chai imemwagika. Nimemvisha saa. Nikamwambia ni zawadi, kwa kuwa nampenda. Akaitazama taa, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Mke wangu akatokwa machozi.

Jumatano, 6 Machi
54! Jina langu liko juu kabisa kwenye ubao wa matangazo! Mkononi nina saa yangu mbovu, nimeifunika kwa shati la mikono mirefu. Chuma kaja kuuliza siri. Nikamjibu: nidhamu. Kaacha kunywa kahawa, maskini.
Saa inahesabu na hatua pia: muuguzi ameshangaa kwamba tangu asubuhi nimetembea arobaini na moja tu. Ameuliza kama huwa nabebwa kuja kazini. Nimesema naishi karibu.
Nimepima meza kwa futi kamba. Inanitosha.

Alhamisi, 7 Machi
Muuguzi kaniita, kafunga mlango. Anasema tangu jana mapigo yangu hayana mpangilio: yanakimbia, yanaruka, yanasita. Saa si daktari, inaweza kukosea, lakini nipimwe leo hii. Moyo wa namna hiyo hugandisha damu, na damu iliyoganda huleta kiharusi.
Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka. Moyo ule si wangu. Moyo ule uko nyumbani unafuma!
Nikinyamaza, kesho meza ni yangu. Niliitazama meza kupitia kioo cha mlango. Nakiri, niliitazama kidogo zaidi ya ilivyopasa.
“Muuguzi, moyo huo si wangu.”
“Ni wa nani?”
“Wa mama mkwe.”
Hakunitukana. Alichukua mkoba wake tu. Mwenye gari la karibu alikuwa Chuma, akatupeleka mbio. Njia nzima anauliza imekuwaje mama mkwe awe na moyo wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Hospitali. Wamembandika mama mkwe nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu ya milima na mabonde. Daktari amesema saa haikukosea, na tumewahi. Ameanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kumbe wiki nzima alihisi kitu kinapapatika kifuani, akanyamaza asitusumbue.
Kanishika mkono. “Mwanangu, uliona nini kwangu hata ukanivisha saa?”
Mke wangu alikuwa pale. Dada zake wote watatu walikuwa pale.
Nikasema moyo ulinituma.
Wamelia! Wameniita kaka! Yule mkubwa, aliyesema siku ya harusi kwamba dada yake amepotea njia, kaniombea dua kwa sauti. Meza kapewa Chuma. Sikujali. Kwa saa nzima hivi.

Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe karudi nyumbani, anafuma. Saa kagoma kuirudisha: zawadi ni zawadi. Muuguzi kakubali abaki nayo.
Meneja kanipa barua ya onyo, kisha kanipa mkono. Wenzangu wakapiga makofi. Nimeinama mara mbili.
Halafu tangazo: shindano jipya, la usingizi! Atakayelala vizuri kuliko wote atapewa feni ya mezani. Nimegawiwa saa nyingine. Muuguzi kaniapisha mbele ya watu kwamba itakaa mkononi mwangu mwenyewe. Nimeapa kwa sauti nzito.
Kesho anakuja mjomba wa mke wangu, kukaa wiki mbili. Akilala, hata radi haimwamshi. Ana mkono mnene, kwa hiyo nimeongeza tundu moja kwenye mkanda wa saa.