Kanuni ya Kijiko Kimoja

Umma unajulishwa kwamba kuanzia mwaka huu hakuna majira yatakayoanza, kuendelea wala kwisha bila idhini ya Idara ya Majira. Mvua zitakazonyesha kabla ya kupata kibali zitahesabiwa kuwa za binafsi. Tangazo hilo nililiandika mimi mwenyewe, Naibu Mkurugenzi, na nilipomaliza nilijisikia raha mpaka nikajinunulia soda.

Wenye maneno yao walisema nimelewa cheo. Si kweli. Yote yalianza kwa sababu ya boga.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi yetu, kuna mkahawa wa meza nane. Mwenyewe ni mama mmoja ambaye hushinda na kitambaa cha jikoni begani, na mtaa mzima unamwita Shangazi. Hana orodha ya vyakula. Ukikaa, anakuletea sahani saba ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, uonje kilichoko sokoni msimu huo. Kwa miaka sita mimi na mama watoto tumekula pale kila Alhamisi mchana, meza ya dirishani. Naupenda mkahawa ule kuliko ofisi, na ofisi naipenda sana.

Basi Alhamisi moja nikakaa, nikajifunga kitambaa shingoni, nikangoja supu yangu ya boga. Ukaja uyoga.

"Shangazi, boga langu liko wapi?"

"Maboga yamekwisha, mwanangu. Msimu umepita."

"Umepita kwa barua ipi?"

Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Msimu mzima umeondoka nchini, na Idara inayohusika haina hata nakala! Tangu kuundwa kwake Idara yetu ilikuwa ikichapisha kalenda tu. Siku ile nikaona wazi kwamba tumekuwa tukilala.

Wiki ile ile nikatunga Kanuni za Majira, vifungu tisa. Kwa mujibu wake, uyoga ulisimamishwa. Shangazi asiuze hata sahani moja mpaka Kamati ya Kuonja ithibitishe kwamba msimu umeanza kweli, kisha Waziri auzindue. Maboga aliruhusiwa kuuza kadiri apendavyo, ila hayakuwepo.

Kifungu cha Tisa kilikuwa kipenzi changu. Mtumishi wa umma akiwa ndani ya mkahawa wa majira, haruhusiwi kula, anaonja tu. Na kuonja ni kijiko kimoja kwa kila sahani. Nilikiweka ili watu wasije wakasema tunajilia.

Kamati ilikuwa ya watu kumi na mmoja, na kila mmoja alikuja na kijiko chake kutoka nyumbani. Nikiri tu kwamba kanuni haikutaja ukubwa. Mwenyekiti alikuja na upawa. Katibu alikuja na kitu ambacho sisi kwetu tulikiita sepetu. Walionja sufuria tatu zikaisha, wakajipangusa midomo, wakaandika ripoti: "Matokeo bado hayajaridhisha. Zoezi lirudiwe kesho."

Likarudiwa kesho. Likarudiwa wiki tatu.

Wateja walisimama nje wakinusa harufu. Alhamisi ilipofika, mama watoto aliniwekea kiazi kimoja cha kuchemsha juu ya meza ya nyumbani, bila chumvi.

"Kula," akasema. "Hicho hakina msimu."

Siku ya pili yake Shangazi akaja ofisini.

"Bwana Naibu," akaanza, na hapo nikajua mambo yameharibika, maana miaka sita yote ameniita mwanangu. "Uyoga haungoji muhuri. Umebaki wa siku chache tu. Ukiisha kabla sijauza, na mimi nimekwisha. Nafunga mlango."

Nikamwambia faili lake linashughulikiwa.

"Sina ugomvi na faili. Nina swali dogo tu. Kijiko cha kanuni kina ukubwa gani? Waziri anakuja kuzindua Jumamosi, nisije nikavunja sheria."

Jamani! Katika utumishi wangu wote sijapata kuona mwananchi anaomba kanuni ifafanuliwe. Machozi yalinilengalenga. Isitoshe, habari za upawa zilikuwa zimemfikia Waziri, naye alitaka maelezo. Na kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi, nami nilikuwa nakitolea macho. Nikachukua kalamu pale pale: "Kijiko maana yake ni kijiko cha chai, kisijazwe kilima. Asisamehewe mtu kwa sababu ya cheo chake." Nikagonga muhuri mara mbili, mara ya pili kwa furaha tu.

"Asante, mwanangu," akasema, akaikunja karatasi ndani ya kile kitambaa chake.

Jumamosi mchana mkahawa ulijaa pomoni. Waziri alifika na waandishi wa habari na kipaza sauti. Msaidizi wake alininong'oneza kwamba mheshimiwa hajatia kitu mdomoni tangu jana, makusudi, anautunzia uyoga nafasi. Kisha Waziri akasoma hotuba niliyomwandikia.

"Msimu wa uyoga umefunguliwa rasmi! Wananchi, kuleni! Na mimi nitakuwa wa kwanza kukitii Kifungu cha Tisa!"

Vigelegele! Shangazi naye alipiga makofi kwa nguvu, na kwa namna iliyonipa wasiwasi kidogo.

Wananchi wakajaza meza saba. Mama watoto alikuwa dirishani, hakunitazama. Meza ya nane tulikaa sisi: Waziri, Kamati na mimi. Sahani ya kwanza ikatua mbele ya Waziri, kubwa, nyeupe, na katikati yake kijiko kimoja cha chai cha mchuzi wa uyoga. Akala, akafumba macho.

"Mungu wangu," akasema.

Ikaja ya pili, ya tatu, hadi ya saba. Waziri akalamba kijiko, akatazama mlango wa jikoni.

"Vizuri sana. Sasa chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?"

"Ndicho hicho, mheshimiwa," akajibu Shangazi. "Sahani saba, vijiko saba." Akaikunjua karatasi yangu akaisoma mbele ya waandishi, neno kwa neno, mpaka kwenye kilima.

Mwenyekiti wa Kamati akachomoa upawa kutoka ndani ya koti. Shangazi akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuwapakulia wananchi kwa upawa huo huo.

"Shangazi, Mungu aulinde mkono wako!" alipaza sauti mama watoto, akipangusa sahani kwa kipande cha mkate. "Niongezee!"

Tumbo la Waziri likanguruma. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa.

"Nani aliyetia saini karatasi hii?" akauliza.

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nilijua ukurugenzi umefika. "Ni mimi, mheshimiwa."

"Kuanzia sasa hivi, wewe si mtumishi wa umma."

Miaka ishirini na miwili, jamani, imeondoka bila hata barua! Ndipo nikasikia kiti kinaburutwa. Shangazi alikuwa amekivuta pale dirishani, kando ya mama watoto.

"Si mtumishi wa umma? Basi ni mwananchi," akasema. "Kaa, mwanangu, ule."

Nikakaa. Nikala, ndugu zangu. Nikala uyoga wa kukaanga, uyoga wa mchuzi, uyoga uliojazwa vitunguu, na kila sahani ilipofika mama watoto alinipiga kiwiko na kucheka, nami nikacheka, mpaka mchuzi ukanipalia. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Kwenye sahani ya sita nikahisi mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa Waziri, kijiko cha chai mkononi. Akainama sikioni mwangu.

"Bwana," akanong'ona, "barua ya kujiuzulu huandikwaje?"

"Nakala tatu, mheshimiwa, na muhuri wa Idara."

"Nani anaugonga?"

"Naibu Mkurugenzi peke yake," nikasema, nikaivuta sahani ya saba. "Na huyo umemfukuza sasa hivi."