Hodi ya Murielle wa Malvern

Njooni, enyi wa Malvern na Doornfontein, nanyi wa Sandton penye minara ya matajiri, mshukao treni ya kasi na tai shingoni! Zimeni simu, nisimulie vita vya Murielle, binti wa Lubumbashi, msusi wa Jules Street, simba jike wa kibodi, aliyeiongezea dunia sentensi moja. Mwenye kutaka kucheka na atoke mapema.

Mwaka 2018, ghorofani juu ya duka la fundi cherehani kule Doornfontein, sisi wanafunzi wa Jumamosi tulijifunza kutumia mfumo wa kutengenezea tovuti, ule wa bure ulio mali ya wote, hata maelekezo yake yeyote aweza kuyarekebisha. Maelekezo yalinena: iwashe seva, ile programu iletayo ukurasa, katika dirisha jeusi la kuandikia amri za kompyuta, kisha fungua ukurasa wako. Murielle, aliyelelewa kufunga mlango kila atokapo, akaiwasha seva, akalifunga dirisha kwa adabu, akaufungua ukurasa. Ukurasa ukamgomea! Jumamosi baada ya Jumamosi ukamgomea, hata akalia, akaapa kuacha, kwa kuwa alijiona mjinga kuliko sisi sote.

Ndipo Mwalimu Kang'ethe, jemedari wa kompyuta za benki, alipomchungulia begani akapiga ukelele: "Murielle! Ukifunga hilo dirisha, seva inakufa!"

"Na hayo yameandikwa wapi, Mwalimu?"

Tukatafuta juu, tukatafuta chini. Hayakuandikwa popote. Eish!

Murielle akasimama, akahutubia majeshi: "Nitawaandikia wenye mfumo! Wakikataa, mjinga ni mimi, narudi kwenye misuko yangu, sirudi tena hapa. Wakikubali, kosa lilikuwa lao!"

Akaandika: *Usilifunge dirisha jeusi.* Lakini juu yake akatanguliza: *Hodi, wenyeji. Habari za kazi? Nyumbani hawajambo? Mungu awape nguvu.*

"Toa hizo salamu!" akanguruma Kang'ethe. "Hao watu wanataka mambo mafupi. Watatucheka!"

"Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini mimi siingii kwa watu kama mwizi. Hodi haifutwi!"

Akatuma. Tukangoja, chai ikapoa vikombeni, Murielle akitafuna ncha ya kitambaa chake. Hatimaye jibu likaja, kutoka kwa mtunza mfumo mmoja aliye nchi ya theluji:

*Karibu, Murielle. Nyumbani hatujambo, mwanangu alikuwa na homa, leo amepona. Watu huja hapa kunilalamikia tu, wewe wa kwanza kuniuliza hali. Sentensi yako tumeipokea. Tulikosea sisi kutoiandika.*

Aa, shangwe gani! Vigelegele vikatikisa vioo, fundi cherehani akapanda mbio na mkasi mkononi akidhani tunapigana. Murielle akalia na kucheka kwa pamoja: "Si mjinga mimi! Mmesikia? Si mjinga!"

Basi wakuu na wajenge minara yao. Sisi tuna sentensi, na wanaoanza leo, popote walipo, hawalifungi dirisha.

Kang'ethe alichelewa kutoka siku ile. Naye alikuwa na jambo lake la kuwaandikia wenye mfumo. Nikachungulia, sikuweza kujizuia. Mstari wa kwanza ulisema: *Hodi, wenyeji.*