Namna Nilivyomlaza Birane

Jumatatu, 13 Aprili 2020

Kaolack imenyamaza. Hakuna mikokoteni ya punda, hakuna kelele za soko. Korona imefagia kila kitu. Giza likiingia, amri: kila mtu ndani. Upepo wa chumvi unapita barabarani peke yake kama mwenye mji.

Shule sikuiona. Herufi hizi za Kiarabu alinifundisha marehemu baba, naandikia maneno yetu. Basi niandike: usingizi umehama nyumba hii. Mjukuu wangu Birane, chuo chake cha Dakar kimefungwa, karudi kwangu na begi moja na macho mekundu. Halali. Usiku kucha yuko juu ya paa na simu yake. Wali wa samaki anaugusa kwa kidole kama anaupima homa. Kijana mzima! Mashavu yameingia ndani.

Adui nimemjua. Chai! Chai yetu kali ni ya raundi tatu, na ya kunywa na wenzako. Wenzake hawaruhusiwi kuja, kwa hiyo anakunywa zamu za wote. Nimeficha birika na majani kwenye gunia la mtama. Leo atalala.

Jumanne, 14 Aprili

Balaa. Bila chai, kichwa changu kiligonga kama kinu. Nikaenda kwenye gunia kimya kimya. Nikanywa raundi zote tatu, mwenyewe.

Kope hazikukutana hadi alfajiri. Birane akanikuta uani, akauliza, “Bibi, hata wewe?” Nikamwambia nalinda kondoo. Hatuna kondoo. Akakaa kando yangu. Kipande cha mwezi kikatoka, mji wote ukawa kama umezama kwenye maziwa. Ilikuwa tamu. Lakini hakulala!

Jumatano, 15 Aprili

Udi. Nimefukiza chumba chake mpaka kuta zikalegea. Nikajinyoosha kitandani pake, nijaribu kidogo tu.

Nikaota nimekuwa mwepesi. Naelea juu ya mashamba ya karanga, na marehemu mume wangu yuko chini, ananiita nishuke nimpikie. Nikakataa! Nikapanda juu zaidi.

Kuamka, magharibi. Nimefunikwa shuka hadi kidevuni. Birane yuko sakafuni, macho wazi, ananipepea.

Jirani yangu Ngoné akapaza sauti ukutani, eti moshi wote huo, nani mgonjwa? Nikamwambia mgonjwa ni pua yake, inashinda kwangu tangu asubuhi.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo Birane kasema. Kuna msichana, Yacine, yuko Louga. Njia za mikoani zimefungwa, hawezi kumfuata. Simu hapokei, ujumbe hajibu, wiki ya pili sasa. Anadhani kaachwa. Akasema, “Bibi, nikifumba macho naanguka. Ndiyo maana siyafumbi.”

Nilitaka kumkumbatia. Mdomo ukanitangulia: nikasema wasichana wamejaa Kaolack, achague. Akafunga mlango.

Mdomo huu! Nikakaa nje ya mlango wake mpaka kiuno kikafa ganzi. Naogopa. Mtoto anaweza kuisha mbele yako huku anapumua.

Ijumaa, 17 Aprili

Birane alipoingia kuoga, nikachukua simu. Maandishi yake siyajui, ila picha naijua, ndiyo anayoikodolea macho usiku kucha: msichana mwenye mwanya. Nikabonyeza. Maneno nilikuwa nayo tayari, ya upole: mwanangu, kama humpendi mwambie, alie, alale.

Akapokea bibi kizee! Akauliza kwa ukali mimi nani. Nikasema ni Bibi wa kina Ndiaye, Kaolack.

Akasema, “Ndiaye? Wale wanaokula wali mpaka wanalamba sufuria ya jirani?”

Moyo ukaruka. Diop! Mtani wangu! Ukoo wao na wetu wa Ndiaye hutaniana tangu mababu, nani mwingine angethubutu? Nikamwambia heri kulamba kuliko kuiba, kila Diop alizaliwa na ukoko wa mtu mkononi. Akasema mimi ni mtumwa wake, mbona sijaja kufua nguo? Nikamwambia anisubiri, nikija nitamuuza yeye sokoni, ingawa mnunuzi atadai arudishiwe chenji. Alicheka hadi akakohoa. Nilicheka hadi kilemba kikaanguka. Tangu korona ianze sijatukanwa vizuri hivyo! Salio likaisha.

Birane amesimama mlangoni na taulo. Akaniuliza nimesema nini juu yake.

Juu yake? Yallah! Sikusema lolote. Nilisahau!

Nikangoja anifokee. Akateleza chini ukutani, nikadhani analia. Anacheka! Machozi yanamtoka, anacheka.

Jioni Yacine mwenyewe akapiga. Kumbe naye halali huko Louga. Bibi yake akaona mwangaza wa simu ndio unaofukuza usingizi, akamnyang'anya, akaificha, akawa anaikalia. Msichana akaamini Birane kamsahau. Leo aliposikia matusi yetu akajua kwa kina Birane bado anatafutwa, akaidai simu kwa kilio.

Diop hao! Mtu mzima anaficha kitu cha mtoto eti alale! Akili gani hiyo?

Jumamosi, 18 Aprili

Kalala! Tangu jana usiku. Nilimwamsha mara tatu kumuuliza kama analala vizuri. Mara ya tatu akanishika mkono, akasema, “Bibi wangu, nakupenda. Nenda.” Kisha akala bakuli zima la wali, akalala tena.

Kumpigia mtani sikuweza kuacha. Tumetukanana, kisha tumekubaliana: watoto waachwe, tusiguse kitu. Nimeapa.

Jumapili, 19 Aprili

Mchana. Mji umelala, kuku wamelala, Birane amelala na mkono juu ya kichwa kama alivyolala akiwa mchanga. Nyumba nzima inapumua naye. Mimi niko kwenye kigoda mlangoni, nafukuza nzi.

Usingizi mzuri hivi, simu ingeukata. Nimeichomoa taratibu chini ya mto. Nimeikalia. Sasa hivi inatetemeka chini yangu kama kifaranga. Nimechungulia: mwenye mwanya. Mara ya nne hii.

Apige tu. Mtoto amelala.