Bawabu na Sharmula ya Neziha

Alhamisi, 12 Machi

Ramadhani ya ishirini na mbili. Upepo mkali hapa Sfax, vumbi mpaka kwenye kope. Nimefika kazini saa mbili na nusu. Barua pepe arobaini na moja. Thelathini na nane ni za Kammoun, au za watu wanaomjibu Kammoun.

Ridha Kammoun ndiye mwenye meza ya dirishani katika ofisi yetu ya mafuta ya zeituni. Ana ugonjwa wa kutuma salamu. Waridi lenye umande. Taa ya Ramadhani inayowakawaka. Kikombe cha kahawa kinachofuka moshi, saa nne asubuhi, mwezi wa mfungo! Anamtumia kila anayemjua, na kila anayemjua anawajibu wote: amina, amina, nawe pia.

Mimi nasubiri barua moja tu. Rachida, dada wa marehemu mke wangu, ameahidi kuniandikia kutoka Marseille mapishi ya sharmula ya Neziha, ule mchuzi mzito wa vitunguu na zabibu tunaoula Idi. Hii ni Idi ya kwanza bila Neziha. Binti yetu Olfa anakuja kutoka Tunis siku ya mkesha. Nimemwambia sharmula ya mama yake itakuwa mezani asubuhi ya Idi, na samaki wa chumvi pembeni, kama kila mwaka. Nimemwambia mapishi ninayo.

Sina.

Kumpigia Rachida simu haiwezekani. Hapokei tangu tugombanie chungu cha shaba cha kuskusi. Barua pepe anaandika, kwa sababu humo hakuna wa kumkatiza.

Barua ya namna hiyo haiwezi kuachwa izame ndani ya mawaridi. Mpango ninao.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepata kijalizi! Ni programu ndogo unayoipachika kwenye programu ya barua, ikachuja taka. Jina lake Bawabu. Ni ya bure. Nimeipachika kabla Bi Chaabouni, mkuu wetu, hajafika.

Bawabu anauliza maswali mengi. Ukali, moja hadi kumi? Kumi. Barua zilizozuiwa zifutwe baada ya muda gani? Siku mbili, napenda usafi. Mtumaji ajulishwe? Ndiyo, ndiyo! Kuna majibu matatu ya kuchagua: la upole, la kawaida na la ukali. Nimechagua la mwisho: "Ujumbe wako umepimwa na kuonekana ni taka. Tafadhali usirudie." Nilimwona akilini Kammoun akilisoma. Nilicheka peke yangu, mpaka Kammoun akauliza kama daku lilikuwa na kitu.

Kisha orodha ya maneno ya kuzuia. Nimefungua salamu zake za wiki nzima na kunakili yale anayoyapenda: waridi, baraka, heri, Idi, Mungu, dua, inshallah.

Saa tano Kammoun ametuma taa. Imefika. Saa sita ametuma waridi. Limefika pia.

Ajabu.

Jumatatu, 16 Machi

Sanduku ni safi. Barua kumi na nne, zote za Kammoun. Nyingine hazimo kabisa, hata matangazo ya viatu. Bawabu anamzuia kila mtu isipokuwa yule niliyemwajiri amzuie.

Nimekaa nayo asubuhi nzima. Nimeizima, nikaiwasha. Nimeiondoa, nikaipachika upya. Nimezima kompyuta yenyewe na kuhesabu mpaka mia. Halafu nimejaribu: nimejiandikia kutoka anwani yangu ya nyumbani, "Mungu akubariki Taoufik, heri ya Idi." Haikufika. Badala yake nimejibiwa kwamba mimi ni taka. Kwa hiyo kichujio kinafanya kazi vizuri sana. Kasoro iko kwa Kammoun.

Rachida kimya. Nilijua. Chungu chenyewe kina kishimo, tena.

Nimekumbuka Neziha alivyokuwa na siri na jiko lake. Kabla ya siku ya kupika sharmula alinituma sokoni nikanunue zabibu kavu, kilo mbili, na siku yenyewe akaniambia nisirudi nyumbani mpaka adhana ya magharibi. Nikirudi, mtungi upo juu ya meza, umefungwa kitambaa cheupe. Vitunguu vinachemka kwenye mafuta saa nyingi, nyumba za majirani zinanuka wiki nzima, lakini jikoni kwetu hata harufu haikubaki. Mwanamke msafi yule!

Nimenunua zabibu leo. Kilo mbili. Miguu ilikwenda yenyewe.

Jumanne, 17 Machi

Aibu.

Saa tatu lori la chupa limesimama mlangoni, chupa elfu nne, ghala limefungwa na funguo anazo mtunza ghala, aliyeomba ruhusa kwenda kumnunulia mwanawe nguo za sikukuu. Dereva anapiga honi. Amefunga, ana njaa, ametoka Sousse alfajiri. Amesema kwamba mwenye kiwanda cha chupa, Haji Fourati, alituandikia tangu Jumamosi kuwa mzigo unakuja Jumanne inshallah, akajibiwa kuwa yeye ni taka.

Bi Chaabouni akataka kujua ni nani katika ofisi hii anayemwita Haji Fourati taka. Nikasema mitandao siku hizi ina matatizo. Kammoun alinitazama juu ya miwani yake. Kisha akashuka, akampigia mtunza ghala, na akamtuliza dereva kwa kumsifia lori. Anajua kusifia, yule. Ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Nimemweka Haji Fourati kwenye orodha ya watu wa kuaminiwa. Tatizo limekwisha. Kule kwenye orodha nimegundua jambo: Bawabu mwenyewe ameziingiza anwani zote za ofisi, kwa sababu wafanyakazi wenzako huaminiwa siku zote. Nimejaribu kumtoa Kammoun. Inadai nywila ya mkuu wa ofisi. Nimefikiria namna ya kumwomba Bi Chaabouni nywila leo. Nimeacha.

Rachida kimya bado. Siku tatu zimebaki. Nimemwandikia kwa ukali kidogo: kwamba chungu ni shaba tu, lakini ahadi kwa marehemu ni ahadi.

Kituo cha redio kimesema mwezi huenda ukaandama Alhamisi.

Jumatano, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kammoun amekuja mezani kwangu na karatasi, akafunga mlango kwanza. Amesema kuna barua imeingia kwenye anwani ya ofisi, ile anayoifungua yeye, na kwamba ameichapa ili isisomwe na wengine. Ilikuwa ya Rachida. Mistari minne. "Mwambieni shemeji yangu Taoufik nimemwandikia mara nne. Mara nne amenijibu kuwa maneno yangu ni taka, nisirudie. Na leo ananidai ahadi! Dada yangu aliolewa na mtu mpole, huyu ni nani?"

Masikio yaliniwaka. Kammoun hakucheka. Aliuliza tu, "Umepachika nini humu, kaka?" Nikamwonyesha Bawabu. Akasoma orodha yangu ya maneno polepole: waridi, baraka, heri. Alifika mwisho na kusema hiyo ni barua nzima ya mtu yeyote wa Sfax, ikibakia sahihi tu. Kisha akasema, "Na hili waridi ni langu, si ndiyo?"

Alibonyeza mahali ambapo mimi sikuwahi kubonyeza. Kumbe Bawabu ana chumba cha nyuma anapoweka waliozuiwa. Tatu za Rachida zilikuwa zimefutwa. Ni mimi niliyetaka usafi. Ya nne ilikuwepo, imebakiza saa sita. Kammoun akageuka kutazama dirishani nikiisoma.

Naiandika hapa, isije ikafutwa nayo.

"Shemeji, Mungu akubariki, mara ya nne sasa. Mapishi ya Neziha sina, kwa sababu Neziha hakupika sharmula hata siku moja. Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu aliiunguza, akalia. Jirani wa mama yetu, Bi Zakia Kammoun, akampa mtungi wake. Wewe ukala, ukasema hujawahi kuonja kitu kama hicho. Angefanya nini tena? Kila mwaka alimpelekea Bi Zakia zabibu na mafuta na maua makavu ya waridi, na kila mwaka mtungi ulirudi. Aliniapisha nisikuambie ukiwa hai. Nimeona aliyeapisha ametangulia, na Olfa asikose sharmula."

Miaka ishirini na tisa nimekula sharmula ya mama yake Kammoun.

Nilimuuliza Kammoun kama alijua. Alisema ni yeye aliyekuwa akiubeba mtungi, tangu aingie ofisi hii, miaka kumi na tisa. Aliuweka chini ya meza yake, ndani ya mfuko wa viatu. Neziha alipita chini ya dirisha, naye akashuka kwa kisingizio cha kuangalia matairi.

Nakumbuka matairi. Nilikuwa nikisema huyu bwana na matairi yake! Na Neziha nakumbuka, koti la kijivu, anapita barabarani mwisho wa Ramadhani, anainua mkono kuelekea dirishani. Mimi nilikuwa nikiinuka kwenye kiti changu cha ukutani kumpungia. Nilidhani anapita kunisalimu.

Nikamuuliza Kammoun mkono ule alikuwa akimpungia nani.

Akasema, "Wewe, bwana. Mimi nilikuwa tayari niko chini na mtungi."

Alhamisi, 19 Machi

Bi Zakia ana miaka themanini na mbili na hataki kusaidiwa ila kwa vitunguu. Nimempelekea jikoni kwake zabibu kilo mbili. Amezishika na kusema ndizo zilezile, Neziha alikuwa akizichagua vizuri. Nikamwambia ni mimi niliyekuwa nikizichagua. Akasema, "Basi alikusifia bila kukutaja."

Nimemenya vitunguu kilo tano. Machozi yalinitoka na Bi Zakia hakuuliza ni ya nini. Chumvi hapimi kwa ulimi, amefunga. Ananusa mvuke, anakoroga, ananusa tena. Nilitaka kuandika kila kitu lakini anasema kiasi hiki, anasema mpaka iwe nyeusi kama hii, na mimi sioni. Amecheka. Ameahidi kwamba mjukuu wake wa kike atakaa naye baada ya Idi, yeye aseme, mjukuu aandike kwa mpangilio, nami nitatumiwa mapishi yote kwa barua pepe, kwa jina lake mwenyewe Bi Zakia. Kwa vipimo kamili, mpaka maua ya waridi mangapi. Mwaka kesho utapika mwenyewe, amesema, mimi sina mkataba na Mungu.

Mtungi umefika nyumbani kabla ya treni ya Olfa. Mpango wa mwisho: nimechemsha vitunguu viwili kwenye sufuria ndogo ili jiko linuke kazi.

Mwezi umeandama.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Tena ni Siku ya Uhuru. Kammoun ametuma salamu mbili, moja ina waridi na moja ina bendera na waridi.

Olfa alichovya mkate kwenye sharmula. Akachovya tena. Akasema ni yenyewe, ya mama. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mapishi yapo kwenye kompyuta na kwamba siri yote ni moto mdogo.

Akanusa hewa. Akasema ajabu, mama akipika jiko halikuwa likinuka vitunguu hata kidogo.

Nikasema mimi si msafi kama mama yako.

Alinitazama kama Neziha alivyokuwa akinitazama nikisema nimefunga bomba vizuri. Kisha akauliza, taratibu, kama zabibu za Bi Zakia mwaka huu nimepeleka zilezile kilo mbili.

Kwa hiyo anajua. Tangu ana miaka saba, anasema. Nimeuliza ni nani mwingine anajua. Akahesabu kwa vidole, akamaliza mkono wa kwanza, nikamwambia inatosha.

Tulimwekea Neziha sahani yake. Olfa ndiye aliyeanza kucheka. Nimempigia Rachida simu. Amepokea! Nimemwambia chungu ni chake. Amesema anajua kina kishimo, hakitaki.

Jumatatu, 23 Machi

Kazini tena, na kahawa tena. Olfa ameondoka jana na nusu ya mtungi. Nimemwondoa Bawabu kabisa, mbele ya Kammoun, nikamshukuru kwa mtungi wa mwaka huu na wa miaka yote. Amenishika bega na kusema tusizungumze hayo, kisha akarudi dirishani.

Dakika tano baadaye: waridi. "Baada ya Idi, moyo ubaki Idi." Watu ishirini na saba wamejibu amina.

Simchukii. Ila barua ya Bi Zakia yenye mapishi itakuja wiki hii, na barua ya namna hiyo haiwezi kuachwa izame tena.

Nimepata kijalizi kingine. Kinaitwa Mfagiaji. Kosa la Bawabu lilikuwa kutazama maneno. Mfagiaji anatazama jina la mtumaji tu. Haamini anwani za ofisi, hadai nywila, anafuta papo hapo, hana chumba cha nyuma cha kutuchanganya. Nimeweka ukali kumi. Kwenye orodha nimeandika jina moja peke yake: Kammoun.

Tangu saa nne waridi halijaonekana. Sanduku jeupe kabisa. Sasa namsubiri Bi Zakia Kammoun.