Vita vya Mlango wa Jiko la Nyabusozi

Tulieni, enyi watu wa Kasulo, na nyinyi wa Nyabusozi mlio mbali ng'ambo ya pori. Anayepukuchua mahindi na apukuchue, anayechambua maharage na achambue; mikono yenu siitaki, nataka masikio. Maana ninayo habari kubwa, habari ya vita visivyomwaga damu wala kuvunja hata kibuyu kimoja, ila vilitikisa wilaya mbili, vikapiganwa kwa mguu na kwa ulimi Jumapili moja ya kiangazi, na mshindi wake akarudi nyumbani ana vumbi hadi magotini. Nyamazeni basi, niwasimulie habari za Domisiana binti Gaspari, na mlango.

Kwanza mjueni shujaa mwenyewe. Domisiana, Mwenye Subira ya Jiwe la Kusagia, Mtazamaji Asiyesema Alichokiona, aliishia darasa la saba, lakini macho yake hayakufunga shule hata siku moja. Alikuwa mchumba wa Pancras wa Nyabusozi, mkulima mwenye mabega mapana na maneno machache. Walikutana Rulenge, hospitalini, kila mmoja akimuuguza mgonjwa wake, wakawa wanagombania jiwe moja la kuoshea sufuria. Na kutoka kwenye jiwe hilo ikaja posa, ikaja mahari, ng'ombe wakaswagwa, wazee wakanywa. Kilichobaki ni nyumba. Bwana harusi alikuwa akijenga, bibi harusi alikuwa akingoja, na katikati yao ilikuwa imelala barabara ndefu ya malori na mtandao unaokuja na kuondoka kama homa.

Sasa zishikeni sheria za simu, maana bila hizo hamtaona ukubwa wa jambo. Kule Nyabusozi, nyumba nzima ilitumia simu moja, nayo ilikaa kwa mama yake Pancras, Mama Deodata, Malkia wa Ua Uliofagiwa. Ujumbe wowote ulioingia ulisomwa kwa sauti mbele ya watu wote kama tangazo la kanisani. Jumapili tu, jua likishaanza kulala, Pancras aliichukua simu ile akaenda nayo nyuma ya zizi, akampigia mchumba wake. Na huku Kasulo, simu ya Domisiana ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji ya maharage. Tangu siku hiyo sikioni haikutoa kitu, ilisema kwa nje tu, kwa kelele, kila aliye karibu asikie. Tena haikushika mtandao popote ila juu ya kichuguu kilicho pembeni ya shamba la Kwizera, kati ya kwao na barabara.

Jumapili iliyotangulia, Pancras alikuwa amesema hivi: "Fundi Elick anakuja Jumatatu ijayo kuinua ukuta wa jiko. Mama anasema mlango utazame uani kwake. Mimi naona utazame migombani. Jiko ni lako. Wewe unasemaje?"

Domisiana akafumbua kinywa, na chaji ikaisha.

Enyi wenye majiko, nanyi mnajua! Mlango si shimo la kupitia. Domisiana alikuwa amemtazama Ineza, mke wa kaka yake, miaka yote hiyo akipika mlango wa jiko lake ukitazama mkeka wa mama mkwe. Ukiunguza maharage, yanajulikana. Ukichelewa kuwasha moto, imeandikwa moyoni mwa mtu. Ukicheka peke yako, unaulizwa unacheka nini. Na mama mkwe mwenyewe wa Ineza ni nani? Ni mama yake Domisiana, mama mwema, asiyekosa jumuiya. Hata mwema huangalia kilicho mbele yake. Domisiana akaapa kimoyomoyo: mlango wangu utatazama migomba. Fundi anaanza Jumatatu alfajiri. Jibu lazima lifike Jumapili, na lifike bila kumvunjia mtu heshima, na bila masikio ya tatu.

Basi Jumapili ikafika, na pamoja nayo yakafika majeshi mawili.

La kwanza ni Priscila wa Kicheko Kinachovuka Bonde, rafiki yake tangu wakiwa na sketi za shule. La pili, tetemekeni, ni Agness. Agness, Tarumbeta ya Kata Mbili, mzaliwa wa Nyabusozi aliyeolewa Kasulo. Na baba yake Agness na Mama Deodata ni ndugu wa tumbo moja. Neno likiingia katika sikio la Agness mchana, shangazi yake hulala nalo usiku uo huo.

Walikuja baada ya misa na karanga za kuchemsha ndani ya upande wa khanga, maana walikuwa hawajaonana tangu kupanda.

"Wifi!" Agness alinguruma kutoka njiani. "Umenenepa! Uchumba unalisha!"

"Ni maharage mapya, wifi, si uchumba," akajibu Domisiana, akatandika mkeka.

Wakala, wakapiga soga. Wakamsema Niyibizi, mwalimu wa kwaya, aliyepiga chafya katikati ya wimbo wa sadaka na sauti ya pili yote ikamfuata. Priscila akaiga chafya ile hadi kuku wakakimbia. Wakamlilia mwenzao aliyehamia Geita asipige hata simu. Domisiana alicheka kwa dhati, maana aliwapenda; ila jicho lake moja lilikuwa kwenye kivuli cha mpapai, na kivuli kilikuwa kinarefuka.

Ndipo akaunda mkakati wake. Mgeni haachwi mlangoni, mgeni husindikizwa. Nitawasindikiza mpaka barabarani, akawaza, tuagane, nirudi peke yangu, na njiani nipande kichuguu. Mkakati safi, wa jemadari.

Wakaondoka. Njiani walimkuta mzee Aron na mbuzi wake, ameketi juu ya gogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Hamjambo? Na nyumbani? Na mihogo? Na ule mguu wa mama?"

Wakajibu vyote, maana salamu ya mzee haikatwi. Wakafika barabarani. Lori la kwenda Rusumo likapita na kuwamwagia vumbi. Domisiana akatoa mkono wa kwaheri, na moyo wake ukaanza kupanda kichuguu.

"Hee!" akasema Agness. "Mchumba wa kaka yangu arudi peke yake njia yote hii? Watu wa Nyabusozi wakisikia watasema sisi ni watu gani? Priscila, tumrudishe."

"Jamani, ni hapo tu..."

"Usibishane na wifi yako."

Wakamrudisha. Wakamkuta mzee Aron.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nyinyi si mmeshapita?"

Wakamfikisha hadi mlangoni. Na mgeni aliyekufikisha mlangoni, unamfanyaje? Unamuacha asimame hapo kama nguzo ya umeme? Domisiana akauma meno kwa adabu, akatabasamu, akasema neno ambalo malezi yalimlazimisha: "Basi ngojeni niwasindikize."

Naam! Imbeni enyi mbuzi, mlioyashuhudia majeshi yale yakipita, yakirudi, yakipita tena, vumbi likipanda, kicheko cha Priscila kikirushwa kama mkuki kutoka ukingo hadi ukingo! Hakuna upande uliokubali kushindwa kwa heshima. Domisiana alijaribu silaha zote. Alisema kichwa kinamuuma. Agness akasema ndiyo maana hafai kutembea peke yake. Alisema anataka kuokota kuni. Priscila akaanza kuokota kuni.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba," akasema mzee Aron, safari hii bila kuinua kichwa. "Hii barabara mnaipima, au mmepoteza sindano?"

Wakiwa ubavuni mwa shamba la Kwizera, simu iliyo ndani ya kitenge cha Domisiana ikatoa mlio mmoja mwembamba kama wa kifaranga. Mtandao ulikuwa umeinama kutoka juu ya kichuguu, ukamgusa. Ilikuwa ndiyo saa. Wiki iliyopita simu ilikatika. Akikosa leo, kesho fundi atapanga tofali kwa neno la Mama Deodata, na tofali likishakauka halirudi nyuma.

Akaacha mkakati. Akaacha adabu. Akavua kandambili, akapanda kichuguu mbio kama mbuzi aliyeona majani.

"Wifi, kuna nini?" Agness akapiga kelele, na majeshi yote mawili yakamfuata. Kileleni palikuwa na nafasi ya nyayo za mtu mmoja tu. Domisiana akasimama hapo, Priscila akamshika kitenge asianguke, Agness akang'ang'ania kijiti chini kidogo, sikio lake likiwa usawa na kiwiko cha shujaa. Simu ikaita.

"HALOO! DOMI!" Sauti ya Pancras ilitoka ikaruka hadi kwenye maharage ya Kwizera.

"Shemeji!" akapasuka Priscila. "Nyama ya harusi tutakula lini?"

"Kaka, hujambo!" akadakia Agness. "Shangazi anaendeleaje na kiuno?"

"Agness? Upo hapo?" Sauti ya Pancras ikashuka ghafla kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Kiuno... kinaendelea vizuri. Domi, chaji ipo?"

"Imebaki kidogo sana."

Pancras akakohoa. Aliyajua masikio ya binamu yake. Lakini mwanamume huyo alikuwa mtu wa kujenga, si mtu wa kuzunguka. "Fundi keshafika, yumo ndani anakula. Kesho asubuhi anaanza. Mlango uende uani kwa mama au uende migombani? Sema."

Priscila aliacha kucheka. Agness aliacha kutafuna. Akisema migombani hivi hivi, kabla hajashuka kichuguu, Nyabusozi itakuwa imeshasikia kwamba binti wa Kasulo anamkimbia mama mkwe kabla hajamhudumia hata chai. Akisema uani, ataishi uani.

Akafumba macho. Sababu alikuwa nazo nyingi: ya Ineza, ya maharage yanayoungua, ya kicheko cha peke yake. Akazipekua zote upesi, akachagua ile moja iliyovaa nguo za kutokea mbele za watu. Nayo haikuwa uongo. Kisha akanena, na kila neno akaliweka chini taratibu kama mtungi uliojaa:

"Pancras, mwana wa watu, nisikilize. Jioni baba mkwe anaweka kiti chake wapi?"

"Pale uani. Kila siku."

"Na mimi nikipika, nitaonja chumvi au sitaonja?"

"Utaonja."

"Basi niambie wewe. Mlango ukitazama uani, nitaonja mboga mbele ya macho ya baba mkwe kila jioni anayoileta Mungu? Nimeze mate nikiwa nimemtazama? Mimi nimelelewa. Kwa ajili ya heshima ya baba na ya mama, nifiche. Nipeleke migombani."

Pancras akasema, taratibu sana, kama mtu anayeona mvua imefika shambani kwake: "Umesema." Na chaji ikaisha.

Domisiana hakuthubutu kutazama chini. Alingoja tarumbeta. Ikalia.

"HEE!" Agness alikuwa ameshika kifua. "Wifi! Kweli kabisa! Kuonja mbele ya baba mkwe! Aibu hiyo ingemwagikia ukoo wetu mzima! Shangazi naye, uzee huo, alikuwa anafikiria nini? Shuka, shuka hapo, niachie nafasi!"

Akamteremsha shujaa kwa kumvuta mguu, akapanda yeye, akatoa simu yake mwenyewe. "Kaka? Mpe mama simu. Sasa hivi. Hata kama anakamua, mpe!" Kisha kwa nusu saa, kutoka kileleni, Agness alimtetea Domisiana kwa nguvu ambazo Domisiana mwenyewe asingethubutu kuzitumia. Alitaja mababu. Alitaja chumvi. Alisema wifi huyu mliyempata amefundwa, na nyinyi mnataka kumwanika kama muhogo!

Chini ya kichuguu, Domisiana alikuwa ameketi, anatafuna karanga.

"Nawe," Priscila akamnong'oneza, "tangu mchana ulikuwa unatufukuza?"

"Nilikuwa nawafukuza."

"Shetani wewe." Wakaanguka kucheka, mmoja juu ya bega la mwenzake.

Kesho yake fundi Elick alipofungua kamba yake kupima, alimkuta Mama Deodata ameshasimama pale, mikono kiunoni. "Nani alikuambia mlango uwe huku?" akamfokea. "Unataka mkwe wangu ale mbele ya mzee? Nyumba ya watu wasio na adabu hii? Huko migombani, fundi, huko!" Na fundi, ambaye kwa amri ya mama huyo huyo alikuwa ameshasogeza tofali upande wa uani, akazihamisha bila neno.

Jumapili iliyofuata Pancras alipiga. "Mlango umekaa migombani," akasema. "Lakini mama anamwambia kila mtu kwamba ni wazo lake."

Domisiana alisimama juu ya kichuguu, upepo ukipeperusha kitenge chake.

"Mpe mama shukrani zangu," akasema. "Mwambie nimelipenda sana wazo lake."

Hivyo ndivyo lilivyopatikana jiko linalotazama migomba, bila mtu kulia na bila mtu kununa. Wengine wameteka nchi, wengine wamevuka mito na majeshi, wakaimbwa. Huyu alipata upana wa mlango mmoja, pumzi ya majani mabichi, na ruhusa ya kuonja chumvi asitazamwe. Kwa hiyo, enyi wapukuchuaji, mkipita Nyabusozi mkaona moshi unatokea upande wa nyuma, punguzeni mwendo kwa heshima: hapo ndipo aliposhinda Domisiana binti Gaspari, akiwa Kasulo, peku, juu ya kichuguu cha mtu mwingine.