Upande wa Pili wa Bundi

Jumatatu, 6 Aprili 1936

Bwana ametupa jalalani kitabu kingine cha mnada, nami nimekiokota. Vitabu hivi ni vikuukuu, vimejaa picha za sarafu za kale zilizonadiwa Ulaya kabla sijazaliwa. Yeye hukusanya sarafu. Mimi, karani wake, nakusanya vitabu. Sasa ninavyo kumi na kimoja chini ya kitanda.

Cha leo kina sarafu yenye bundi. Bundi kwenye pesa! Kwetu akilia juu ya paa, watu huulizana nani mgonjwa. Hawa watu wa kale walimtia mfukoni wakaenda naye sokoni. Walikuwa watu wa namna gani? Na upande wa pili kuna nini? Imeandikwa kwamba picha yake imo katika kitabu cha mwaka uliotangulia. Hicho anacho Walubengo, mpishi wa Bwana. Nilimwomba. Akasema atafikiri.

Jumanne, 7 Aprili

Nimempelekea Walubengo sukari. Akaipokea, akasema bado anafikiri. Kitabu kiko rafuni kando ya Biblia, hata hakifungui. Anakithamini kwa sababu nakitaka mimi. Roho mbaya tu.

Jumatano, 8 Aprili

Akili imenijia. Nimemnong'oneza Walubengo kwamba vitabu vile vina bundi, na nyumba inayoviweka haikosi msiba. Akakumbuka mtoto wake anakohoa. Nikamwambia kwa upole aniletee, mimi nitajua la kufanya.

Mimi ni Mkristo, mambo ya bundi siyaamini. Lakini ile picha naitazama mchana tu.

Alhamisi, 9 Aprili

Kitabu hakijaja. Walubengo amemwambia mkewe, na mkewe amewaambia akina mama wote mtoni. Vizuri sana. Acha waogope.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimefika nyumbani nikakuta kuta mbichi. Mke wangu Namalwa husiriba nyumba kila Pasaka. Safari hii alichukua vitabu vyangu vyote, akavichana, akaviloweka, akavikanyagia kwenye udongo pamoja na samadi. Alisikia habari za bundi huko mtoni. Aliniuliza kwa nini simshukuru.

Nimelia, sifichi. Karibu na mlango limebaki sikio la mfalme fulani. Namalwa anasema ukuta haujawahi kushika vizuri hivi.

Jumapili ya Pasaka, 12 Aprili

Nimemkuta Walubengo kanisani, mtoto wake mzima kabisa. Kitabu hakukichoma. Amempelekea Mwalimu Nicanor wa Turbo, kwa kuwa msomi hatishwi na ndege. Akaongeza kwamba kabla ya kukitoa alikifungua, akauona ule upande wa pili. Nikamsihi aniambie kuna nini. Akasema atafikiri.

Kesho hakuna kazi. Nitapanda treni kwenda Turbo. Mwalimu hatishiki, sawa. Lakini nasikia anaishi na mama mkwe wake, na mama huyo anaogopa bundi kuliko simba. Nitaanza na yeye.